Talaka na makaratasi: nani alisema lazima uvumilie?

Kila familia ya Kenya iliyo na mtu Marekani inaijua hii stori. Mtu ameolewa na raia wa huko, amepata grini kadi kupitia ndoa, halafu ndoa imeharibika. Wako nyumba moja lakini hawaongei, kila mtu na chumba chake, na ushauri kutoka nyumbani ni mmoja tu: vumilia. Anti yangu alipiga simu usiku mmoja akilia. Shosh akamwambia, "Mwanangu, tulia hapo hapo. Makaratasi kwanza, hayo mengine baadaye."

Nilikuwa darasa la saba na nilisikia hiyo simu yote kwa sababu shosh huweka spika. Na shosh hakuwa mbaya, wasee. Aliamini kile wengi wetu tunaamini, kwamba ukiachana na aliyekuleta, yeye ndiye anabaki na kila kitu. Juzi nikaamua kufuatilia hiyo imani ilitoka wapi. Kumbe iko na historia ndefu, na historia yenyewe ina vituko.

Tuanze 1855. Mwaka huo Kongresi ya Marekani ilipitisha sheria kwamba mwanamke mgeni akiolewa na raia wa Marekani, anakuwa raia papo hapo. Hakuna fomu, hakuna mtihani, hakuna kiapo. Ila ilibidi awe mtu ambaye sheria ingemkubali kuwa raia, na wakati huo hiyo ilimaanisha mzungu. Mwanamume mgeni aliyeoa Mmarekani hakupata kitu. Wazo lilikuwa kwamba mke hana nchi yake. Nchi yake ni ya bwana.

Wazo hilo lilikuja kuwageukia Wamarekani wenyewe. Sheria ya 1907 ilisema mwanamke wa Marekani akiolewa na mgeni, anachukua uraia wa bwanake. Yaani umezaliwa huko, umekulia huko, hujawahi kutoka, unaolewa na Muingereza Jumamosi na Jumatatu wewe ni mgeni. Ethel Mackenzie wa California alijaribu kupinga. Bwanake, Gordon, alikuwa mwimbaji raia wa Uingereza. California ilipowapa wanawake kura mwaka 1911, Ethel akaenda San Francisco kujiandikisha, akakataliwa: wewe si raia. Alipeleka kesi hadi Mahakama ya Juu na akashindwa mwaka 1915. Majaji wakasema aliolewa kwa hiari yake akijua matokeo. Mimi hiyo "kwa hiari yake" bado inanikera. Hakuna mwanamume aliyeulizwa hivyo.

Lakini sasa skiza hii. Sheria hiyo hiyo ya 1907 ilikuwa na neno kuhusu ndoa kuisha. Mmarekani aliyepoteza uraia kwa kuolewa angeurudisha ndoa ikivunjika, na kama alikuwa anaishi Marekani alihitaji tu kuendelea kukaa. Na mwanamke mgeni aliyekuwa raia kupitia bwana Mmarekani? Ndoa ikiisha alibaki raia, bora aendelee kuishi huko na asiukane uraia huo mwenyewe. Kwa hivyo mwaka 1907, wakati mke alihesabiwa kama mzigo wa bwana, talaka haikumfukuza mtu. Hofu ya shosh haikutoka huko.

Mwaka 1922 ikaja Sheria ya Cable, na hapo mambo yakaanza kutengana: mke akawa na uraia wake mwenyewe. Haikuwa haki kamili. Mmarekani aliyeolewa na mwanamume kutoka Asia, ambaye sheria za ubaguzi zilimkataza kuwa raia, aliendelea kupoteza uraia wake hadi sheria iliporekebishwa 1931. Upande wa pili, mke mgeni hakuwa anapewa uraia bure tena. Ilibidi aombe kama mtu mwingine, ingawa alipunguziwa miaka ya kungoja. Huo mpango wa kupunguziwa ndio upo mpaka leo: mwenye grini kadi wa kawaida anangoja miaka 5, na aliye kwenye ndoa na raia, wanaoishi pamoja, anangoja 3.

Hofu yenyewe ilipikwa miaka ya themanini. Mwaka 1985 mkuu wa idara ya uhamiaji, Alan Nelson, aliambia Seneti kwamba karibu asilimia 30 ya ndoa za kuombea makaratasi ni za uongo. Watu wakashtuka, na mwaka 1986 sheria kali ikapita. Baadaye, kesi ilipofika mahakamani, ikajulikana kwamba hiyo hesabu haikuwa na msingi wa kitakwimu. Lakini sheria ilikuwa imeshakaa. Tangu hapo, ndoa ikiwa haijafika miaka 2 unapewa kadi ya muda ya miaka 2, na kabla haijaisha wewe na mwenzako mnaomba pamoja kuondolewa masharti. Pamoja. Fikiria mnaishi na mtu anayekupiga, na sahihi yake ndiyo inakuweka nchini. Anajua, na anajua unajua. "Nitakurudisha kwenu" haikuwa tena mdomo tu.

Sheria hiyo iliacha mlango kwa walioachana, ila ulikuwa mwembamba: ulipaswa kuwa wewe uliyeomba talaka, na uwe na sababu nzuri. Bwana akikuwahi kortini, ni shauri yako. Mwaka 1990 Kongresi ikaondoa hilo sharti la nani alitangulia na ikaongeza njia ya waliopigwa au kuteswa. Sasa unachohitaji kuonyesha ni kwamba uliingia kwenye ndoa kwa nia safi, na unaomba peke yako. Sheria ya 1994 kuhusu ukatili dhidi ya wanawake ikawaruhusu wanaoteswa kuanzisha makaratasi wenyewe, bila bwana kujua. Na kuna hii ya 1996 ambayo hunichekesha: ile ahadi ambayo mdhamini hutia sahihi, kwamba atakusaidia usikose riziki, haifi kwa talaka. Mnaweza kuachana na bado serikali inamhesabu yeye, hadi labda siku utakapokuwa raia.

Mimi si wakili, na kila kesi ina mambo yake. Lakini angalia ya anti. Kadi yake ilikuwa ya miaka 10, kwa sababu walikuwa wameoana zaidi ya miaka 2 kabla aingie. Talaka haikuwa inaichukua. Kitu pekee alichokuwa anapoteza ni ile njia ya mkato ya miaka 3. Angengoja 5. Tofauti yote ilikuwa miaka 2, na kwa sababu hiyo alikaa kwenye nyumba ile akila chakula chumbani kwake.

Hata sisi huku tusijifanye. Kwa miongo mingi baada ya uhuru, Mkenya mwanamume alimpa mke wake mgeni njia ya uraia, na Mkenya mwanamke hakuweza kumpa bwanake. Katiba ya 2010 ndiyo ilirekebisha, ikasema ndoa ya miaka 7 inatosha kuomba, mke au mume, na kwamba uraia haupotei kwa kuolewa wala kwa talaka. Lakini sheria ya 2011 bado inataka muwe mnaishi pamoja siku ya kuomba. Mgeni anayepigwa Kasarani akiwa na miaka 6 ya ndoa, shosh wake anamwambia nini?

Anti hakuwahi kufika hiyo miaka 3. Bwana ndiye aliyetangulia kuomba talaka, wakati ilibaki miezi minne. Alihamia kwa rafiki wa kanisani, akafanya kazi zamu za usiku akihudumia wazee, na mwaka wa tano ulipotimia akajaza fomu. Kwa mahojiano walimuuliza kuhusu ile ndoa, akatoa faili: mkataba wa nyumba, bili za stima, picha za harusi zikiwa na shosh mbele na kitenge chake.

Siku ya kiapo alipiga simu tena. Spika ikawekwa.

"Na yule mtu alikusaidia?" shosh akauliza.

"Hapana, mama. Nilijaza peke yangu."

Shosh akanyamaza kidogo, halafu akamuuliza kama huko kuna baridi.