Visu vya jikoni: namna ya kuvichagua na kuvitunza makali nyumbani

Mpishi mzoefu huogopa kisu butu kuliko kisu kikali. Kisu kikali huzama kwenye nyanya karibu kwa uzito wake chenyewe. Kisu butu huteleza juu ya ganda, mpishi huongeza nguvu, na nguvu hiyo inapoponyoka huishia kidoleni.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, ambako sukuma wiki hushikwa fundo na kukatwa hewani, na kitunguu cha kachumbari hukatiwa kiganjani bila ubao. Hapo kiganja ndicho ubao.

Makali hugusa hata machozi. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walipiga picha za kasi kubwa za vitunguu vikikatwa. Walibaini kuwa kisu butu hukandamiza ngozi ya kitunguu kabla ya kuipasua, na inapopasuka maji yake huruka kwa kasi na kwa wingi zaidi kuelekea usoni kuliko kinapotumika kisu kikali.

Mara nyingi kisu kisichopata hulaumiwa kuwa ni cha chuma kibaya, kikatupwa na kununuliwa kingine. Lakini hakuna kisu kisichopoteza makali, kiwe cha bei ghali au cha sokoni. Nyumba yenye visu viwili vya kawaida na jiwe la kunolea hupika kwa raha kuliko nyumba yenye visu kumi na viwili visivyowahi kunolewa.

Visu vingapi vinatosha?

Kazi karibu zote za jikoni hufanywa na visu viwili. Cha kwanza ni kisu kikubwa cha mpishi, chenye bapa la urefu wa sentimita 18 hadi 21, kwa ajili ya nyama, kabichi, vitunguu na mboga za majani. Cha pili ni kisu kidogo cha sentimita 8 hadi 10, cha kumenyea viazi, kutolea mbegu na kusafishia samaki wadogo.

Anayekula mikate mikubwa ataongeza kisu chenye meno. Mwenye kununua mbuzi mzima anahitaji kisu kizito au kishoka cha mifupa, kwa sababu mfupa ndio unaomega makali ya visu vingine.

Visu vinavyouzwa kwa seti, vikiwa vimesimamishwa ndani ya gogo la mbao, hupendeza machoni na huwa zawadi maarufu ya harusi. Ukweli ni kwamba vingi kati ya hivyo havitoki kwenye gogo lake. Fedha hiyo hiyo ikinunua kisu kimoja kizuri huenda mbali zaidi.

Kisu huchaguliwa kwa mkono kabla ya jicho. Mnunuzi akishike kama anayetaka kukata na aone kama vidole vinapata nafasi chini ya mpini bila kugonga ubao. Mpini uwe haunesi wala hautelezi mkono ukiwa na mafuta. Atazame pia msuka, yaani sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Msuka unaofika hadi mwisho wa mpini hudumu. Msuka mfupi uliogandishwa kwa gundi huanza kucheza baada ya kuoshwa mara nyingi, na kisu kinachocheza mpini hakifai kushikwa.

Bapa nalo litazamwe kwa kuelekeza ncha mbele ya jicho, kama seremala anavyokagua ubao. Kama limepinda, jiwe halitalinyoosha.

Chuma cha aina gani?

Chuma cha visu ni chuma kilichochanganywa na kaboni, na kaboni ndiyo inayokipa ugumu wa kushika makali. Ujuzi huo si mgeni Afrika Mashariki. Mwaka 1978 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mhandisi wa metali Donald Avery waliandika kuwa wafua vyuma wa magharibi ya Ziwa Victoria, katika nchi ya Wahaya ya Tanzania ya leo, walikuwa wakipata chuma chenye kaboni katika tanuri zao zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Visu vya kaboni tupu bado vinapatikana kwa wahunzi na katika maduka ya vifaa vya wapishi. Hunoleka upesi na hukata vizuri ajabu. Hata hivyo, hushika kutu vikiachwa na maji, hubadilika rangi vikikata ndimu au maembe mabichi, na wakati mwingine huacha ladha ya chuma kwenye tunda. Mwenye kisu hicho hukifuta mara tu anapomaliza kukata na kukipaka mafuta kidogo.

Chuma kisichoshika kutu huongezwa kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Anayetajwa zaidi katika historia yake ni Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Visu vya kwanza vya chuma hicho vilikejeliwa kuwa ni visu visivyokata, kwani mafundi walikuwa hawajajua kukipasha moto na kukipoza ipasavyo. Fundisho hilo lingalipo: maneno “hakishiki kutu” yaliyopigwa mhuri kwenye bapa hayasemi lolote kuhusu makali.

Kinachosema ni ugumu wa chuma, ambao hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Visu vingi vya Ujerumani, vikiwemo vya mji wa Solingen ambao jina lake limelindwa kisheria tangu mwaka 1938, huwa na ugumu wa 56 hadi 58. Visu vingi vya Kijapani huvuka 60. Kisu kigumu zaidi hukaa na makali muda mrefu, lakini ni kama kikombe cha kauri: kikianguka sakafuni au kikigonga mfupa, humeguka. Kwa jiko linalotumiwa na watu wengi, wakiwemo watoto na wageni, ugumu wa 56 hadi 58 unafaa zaidi, kwa vile chuma chake huvumilia makosa na hunoleka kwa urahisi.

Visu vya kauri ni vyepesi na havishiki kutu kabisa, lakini jiwe la kawaida halivinoi na ncha yake hukatika upesi.

Kwa nini makali hupotea

Makali yakitazamwa kwa kioo cha kukuzia ni ukingo mwembamba sana. Mara nyingi kisu kinaposemwa kimekuwa butu, ukingo huo haujaisha bali umelala upande mmoja. Hapo ndipo unapofaa ule ufito wa chuma wenye mpini wanaoupitishia wauza nyama visu vyao kila baada ya muda. Ufito huo haunoi, bali huuinua ukingo uliolala. Mara tatu au nne kila upande, polepole na bila kukandamiza, zinatosha.

Zikipita wiki kadhaa ukingo huisha kweli, na ufito hausaidii tena. Hapo kisu kinahitaji jiwe.

Adui mkubwa wa makali ni mahali panapokatiwa. Ubao wa kioo, marumaru, sahani ya udongo na sinia la chuma huua makali kwa siku chache, kwa sababu vyote ni vigumu. Ubao wa mti au wa plastiki humezwa kidogo na kisu, na hivyo huyahifadhi. Tabia ya kukomba vitunguu vilivyokatwa kwa makali ya kisu nayo ina gharama. Kisu kigeuzwe, mgongo ufanye kazi hiyo.

Kunoa kwa jiwe

Kinoo cha nyumbani kinachofaa ni jiwe lililotengenezwa lenye pande mbili. Ukali wa chembe zake huandikwa kwa namba: namba ndogo ni jiwe la kukwaruza, namba kubwa ni jiwe laini. Jiwe la namba 1000 linatosha kwa kisu kinachotunzwa. Namba 300 au 400 ni ya kisu kilichomegeka, na 3000 au zaidi ni ya kung'arisha makali. Mwenye kununua jiwe moja tu achukue 1000.

Mawe mengi ya maji hulowekwa dakika 10 hadi 15 mpaka mapovu yakome kutoka, ingawa mengine huhitaji kurushiwa maji tu juu yake. Jiwe huwekwa juu ya kitambaa kibichi ili lisisogee.

Jambo linalowashinda wengi ni pembe. Visu vya mtindo wa Ulaya hunolewa kwa takriban nyuzi 20 kila upande, na vya Kijapani kwa takriban nyuzi 15. Hakuna haja ya chombo cha kupimia. Kwa bapa lenye upana wa sentimita 4.5, mgongo ukiinuliwa sentimita moja na nusu juu ya jiwe, pembe ni karibu nyuzi 20. Ukiinuliwa sentimita moja na robo kasoro kidogo, ni nyuzi 15. Mnoaji aweke sarafu kadhaa zilizopangwa kufikia kimo hicho, aegemeze mgongo juu yake kwa mara ya kwanza, kisha aziondoe na mkono uendelee kukumbuka. Pembe iliyopungua kidogo kila mara ni bora kuliko pembe sahihi inayobadilika-badilika.

Vidole vya mkono wa pili hulazwa juu ya bapa, karibu na makali lakini si juu yake, na kisu husukumwa mbele na nyuma kwa nguvu ndogo, kipande kwa kipande, kuanzia kwenye mpini hadi kwenye ncha. Tope linalotokea juu ya jiwe lisioshwe, kwani nalo linasaidia kunoa.

Kazi ya upande mmoja haijaisha mpaka ukingo wa chuma ujikunje upande wa pili. Kuupima, kidole hupitishwa juu ya bapa kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe si kwa kuyafuata makali. Kitahisi mkwaruzo mwembamba. Ukihisiwa kutoka mwanzo hadi mwisho wa kisu, basi ni wakati wa kugeuza na kufanya vivyo hivyo. Wengi wanaodai kuwa jiwe haliwafai huacha kabla ya kuupata mkwaruzo huo. Wamenoa ubavu wa kisu, hawajafika kwenye makali.

Mwishoni mkwaruzo huondolewa kwa mipitisho michache miepesi, mmoja upande huu na mmoja upande ule. Kisha kisu huoshwa na kujaribiwa kwa karatasi ya gazeti au nyanya iliyoiva. Anayejaribu kwa kidole gumba atajuta siku moja.

Asiye na jiwe na ana wageni mlangoni anaweza kugeuza kikombe cha kauri. Mduara wa chini usiopakwa rangi inayong'aa hukwaruza chuma, na mipitisho kumi kila upande hukirudishia kisu uhai wa siku moja au mbili.

Fundi wa mtaani na gurudumu lake

Katika miji ya Afrika Mashariki wapo mafundi wanaopita mitaani wakinoa kwa jiwe la mviringo linalozungushwa kwa pedeli za baiskeli. Huduma yao ni ya haraka na ya bei nafuu, na kwa kisu kilichomegeka vibaya ni msaada mkubwa.

Tatizo ni joto. Cheche nyingi zikiruka, ukingo mwembamba wa kisu hupata moto kuliko mnoaji anavyodhani, na chuma kikipita kiasi hupoteza ugumu wake. Alama yake ni rangi ya bluu au zambarau inayojitokeza kwenye makali. Sehemu hiyo haitashika makali tena mpaka iondolewe yote. Mteja ana haki ya kumwomba fundi akichovye kisu majini kila baada ya sekunde chache na asikikandamize. Fundi mzuri hufanya hivyo bila kuambiwa.

Tupa ya kunolea panga na jembe iachwe kwa panga na jembe.

Kwa walio ng'ambo

Wanaonunua visu katika nchi za kigeni wanapaswa kujua sheria za huko. Katika England na Wales ni kosa kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18 kisu cha jikoni, na ni kosa pia kukichukua hadharani bila sababu inayokubalika kisheria. Aliyetoka dukani akiache kisu ndani ya kifungashio chake mpaka afike nyumbani.

Anayesafiri nacho kurudi nyumbani akiweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, makali yakiwa yamefunikwa kwa kadibodi na kufungwa kwa utepe, ili anayelifungua begi kulikagua asijikate. Ndani ya begi hilo hilo jiwe la kunolea halichukui nafasi kubwa kuliko kitabu, na kwa mama au shangazi mwenye visu tele visivyopata, ndilo zawadi atakayoitumia.

Kisu kikishanolewa kisirudishwe kwenye droo pamoja na vijiko. Ala ya kadibodi, au kitambaa kilichoviringishwa, huyakinga makali na huukinga mkono unaotafuta kijiko gizani. Kioshwe kwa mkono na kukaushwa papo hapo, na kisizamishwe ndani ya beseni lenye povu, ambamo anayekuja kuosha vyombo hatakiona.

Jiwe lenyewe nalo huliwa katikati na kuwa na bonde. Hapo huwekwa karatasi ya msasa juu ya kioo kilichonyooka, ikamwagiwa maji, na jiwe likasuguliwa juu yake mpaka uso wake uwe sawa.