Ahamkara: Umimi Unaoshindwa kwa Bhakti

Ahamkara ni neno la Kisanskriti lililoundwa kwa aham, yaani "mimi", na kara, yaani kinachofanya, na katika falsafa ya Kihindu ya Sankhya hutaja kile kinachozuka katika akili na kumfanya mtu adhani kwamba mwili, mawazo na matendo ni mali yake. Kwa kuwa mpole na mwenye majivuno wanacho sawasawa, kukiita "kiburi" ni kukipunguza mno.

"Nafsi" nayo haifai, hasa kwa wasomaji wa Nyamitanga, mtaa wa Mbarara nchini Uganda lilipo kanisa kuu la Kikatoliki, au wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958, ambako Wakongo na Warundi wengi huelewana kwa Kiswahili. Mkristo amezoea kuisoma nafsi katika Biblia kuwa kitu cha kuokolewa, ilhali Mwislamu aliyefundishwa jihadi ya nafsi huiona kuwa adui wa ndani. Wakiambiwa kwamba Mhindu huishinda nafsi, mmoja atashangaa na mwenzake ataitikia, na wote wawili watakuwa hawajalielewa jambo lenyewe. Istilahi inayofaa ni "umimi".

Bhakti ni ibada ya mapenzi, ambayo mja humtolea Mungu moyo wake wote, na umuhimu wake huonekana palipo na ugumu: anayejitahidi kuuangamiza umimi kwa nguvu zake hutumia umimi uleule, nao, akidhani ameshinda, hujisifia ushindi. Bhagavad Gita, andiko takatifu la Kihindu, katika sura ya 3 hueleza kwamba aliyepotoshwa na ahamkara hujiona kuwa ndiye mtendaji, na katika sura ya 12 husifu njia ya mapenzi, ambamo utendaji wote hurejeshwa kwa Mungu. Ramakrishna, mwalimu wa Kihindu wa Bengal (1836–1886), ambaye hapana budi kumsikiliza katika suala hili, alitofautisha umimi mbichi, unaosema "hiki changu", na umimi ulioiva, unaosema "mimi mtumishi wako", akafundisha kwamba huu wa pili haudhuru. Umimi basi haufutwi, hupewa Bwana.

Mwili nao hufundishwa hivyo. Katika sujudu iitwayo sashtanga mja hulala kifudifudi, viungo vinane vikihesabiwa katika tendo hilo, paji la uso likigusa sakafu. Na katika seva, yaani utumishi usiodai malipo, tajiri wa mjini huweza kuonekana akipanga viatu vya waumini mlangoni pa hekalu, kazi ambayo dukani kwake angemwachia kijana wa kazi.

Watafsiri wa maandiko ya Kihindu wanaombwa basi waandike "umimi" kwa ahamkara na "ibada ya mapenzi" kwa bhakti, na "ubinafsi", ambao wengi huukimbilia, wauache katika maana yake ya uchoyo.