Vizingiti vya Gitaa: Kitu Kimoja, Majina Mengi

Yuko mfasiri anayedhani kwamba kila kitu kina jina lake moja katika kila lugha, na kwamba kazi yake ni kuyaoanisha majina hayo tu. Historia ya gitaa yaonyesha kuwa sivyo.

Gitaa tunalolijua leo lilipata umbo lake kwa mkono wa fundi wa Kihispania, Antonio de Torres (1817–1892), mzaliwa wa Almería. Mwaka 1862 Torres alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi iliyogandishwa kwa gundi, bali ubao wa mbele ulikuwa wa mti. Alikusudia kuonyesha kwamba sauti ya gitaa hutokana hasa na ubao huo wa mbele. Ndiyo sababu fundi huvithamini sana viungo vinavyoupelekea mtetemo wa nyuzi.

Kati ya viungo hivyo vimo vipande viwili vyembamba. Kimoja hukaa mahali kichwa kinapokutana na shingo, nacho kina mifereji ya kupitishia nyuzi. Cha pili hukaa katika ufa wa daraja, juu ya ubao wa mbele. Mpigaji wa udi katika taarabu anakijua cha kwanza. Cha pili hana, kwa kuwa nyuzi za udi hufungwa katika daraja lenyewe.

Hapa ndipo majina yanapogongana. Waingereza hukiita cha darajani tandiko la farasi, na cha kichwani hukipa jina lile lile la nati. Wajerumani nao wana neno lao la tandiko, «Sattel», lakini kwao ni kile cha kichwani! Tuseme maagizo ya Kijerumani yanaamuru kupiga tupa «Sattel», naye mfasiri akaandika «tandiko» kwa kufuata Kiingereza. Fundi atapunguza kipande cha darajani, na nyuzi zitashuka mno hata zigonge vyuma vya shingoni. Kosa la neno moja limekwisha kuharibu chombo.

Mali ghafi nayo ina mtego wake. Zamani vipande hivi vilichongwa kwa mfupa au kwa pembe za ndovu; katika karne ya 20 viwanda vikaleta plastiki kwa ajili ya magitaa ya bei nafuu. Fundi anayetakiwa kuboresha sauti aghalabu huiondoa plastiki na kuweka mfupa wa ng'ombe, ambao ni mgumu zaidi. Hata hivyo, mfupa usiolala sawasawa ndani ya ufa hauleti faida, maana mtetemo hupotea penye uwazi. Mwaka 1989 mkutano wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini ulipitisha marufuku ya biashara ya pembe za ndovu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoipendekeza. Kwa hiyo mtumishi wa forodha akisoma «kipande cha pembe» tu, hajui kama ni pembe ya ng'ombe iliyo halali au ya ndovu iliyokatazwa. Hapana budi kuandika kwa ukamilifu.

Tufuate njia gani basi? Wafaransa wametuonyesha mfano mwema. Wao hutumia neno moja, «sillet», lenye asili ya neno la Kiitaliano la ukingo, kisha hulitaja mahali: la kichwani au la darajani. Wameitazama kazi, kwani vipande vyote viwili huonyesha uzi uanze wapi kutetema na ukome wapi. Nasi tunalo neno la kufaa tayari katika kila nyumba. Napendekeza «kizingiti cha kichwani» na «kizingiti cha darajani». Mwalimu ataweza kuyafundisha bila mchoro, na fundi hatauliza ni kipi apige tupa.

Istilahi njema hutazama kwanza kazi ya kitu, ndipo ikatazama kamusi ya mgeni.