Batoli, bifu, panchilaini: maneno ya Kingereza katika mapigano ya rap

Kijana wa Kasongo ao wa Kabambare anasoma masomo yake kwa Kifaransa, nyumbani anaongea Kiswahili, lakini akishika mikro kwa kufanya rap maneno ya kazi yanageuka Kingereza. Anasema batoli, baa, floo, bifu. Mzazi anayesikia mtoto akimwambia mwenzake «nimekubodi, umekufa» anaweza kushtuka, na haki iko kwake. Katika teritware ambamo watu wengi wamekimbia vijiji vyao juu ya bunduki, neno kufa si la kuchezea. Ila kabla ya kumgombeza mtoto, ni vizuri kujua anasema nini.

Batoli ni shindano la maneno. Watu wawili wanasimama uso kwa uso, kila mmoja na zamu yake, na waamuzi ao wasikilizaji njo wanasema nani ameshinda. Mchezo huo ulitoka New York, Marekani, pamoja na hip-hop yenyewe iliyoanza katika mtaa wa Bronx mwaka 1973. Zamani kazi ya emsi ilikuwa kuchangamsha watu katika sherehe, na jina lake kwa Kingereza linamaanisha hivyo: mwongozaji wa sherehe. Mwaka 1981, kule Harlem, Kool Moe Dee alimshambulia Busy Bee Starski kwa maneno mbele ya watu wote, na toka hapo mchezaji akaanza kupimwa kwa nguvu ya mistari yake. Filamu 8 Mile ya mwaka 2002 ikaufikisha mchezo mbali zaidi. Kwa wanaosikiliza rap ya Kifaransa, neno la kawaida ni «clash», ambalo nalo ni la Kingereza. Ufaransa iko na ligi yake, Rap Contenders, toka mwaka 2010.

Baa hapa si fasi ya pombe. Ni mstari mmoja wa rap, wenye urefu wa mapigo manne ya mdundo, na ubeti wa kawaida unakuwa na baa 16. Watanzania wanaiita mistari, na kwa kweli neno lao ni zuri kuliko la kukopa. Floo ni namna maneno yanavyokaa juu ya mdundo: mtu anaweza kuwa na maneno makali lakini floo yake ikawa ya kukwamakwama sawa pikipiki yenye mafuta machafu.

Fristaili ni kutunga papo hapo, bila karatasi. Wengi wanafikiri batoli yote ni fristaili. Hapana. Katika ligi kubwa za leo, ambamo mara nyingi hakuna hata mdundo, maneno mengi yameandikwa na kukaririwa mbele. Fristaili inabaki hasa katika ribato, ni kusema jibu la haraka kwa kitu ambacho mpinzani ametoka kukisema sasa hivi. Hapo njo watu wanapiga kelele, juu hakuna anayeweza kuandika ribato nyumbani. Na yule aliyekariri akisahau mbele ya watu, wanasema amechoki, sawa mtu aliyekabwa koo.

Panchilaini ni maneno ya mwisho yanayopiga kama ngumi. Inatayarishwa na mstari wa mbele yake, setapu. Mfano: «Ulituambia utapaa, tukangoja paka usiku, kumbe wewe ni paa la nyumba, kila mvua inakupiga.» Nguvu iko katika paa mbili. Mzee yeyote wa Kasongo, mji uliokaliwa na wafanyabiashara Waswahili wakati wa Tippu Tip, atatambua mchezo huo bila kufundishwa, kwa sababu ni fumbo. Muyaka wa Mombasa alipiga wapinzani wa mji wake kwa mashairi katika karne ya 19, na waimbaji wa taarabu wanarushiana mipasho paka leo. Jina njo geni.

Kubodi mtu ni kumshinda kabisa; kwa Kingereza neno linatoka kwa maiti. Kuko pia mistari ya bunduki, ambamo mtu anajisifu kwa silaha ambazo mara nyingi hana. Mistari hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu wanaojua kama ni mchezo. Video ikikatwa vipande na kupita simu kwa simu, anayeipata hakuwa pale, hakuona vijana wakicheka kisha, anasikia tu vitisho.

Disi imetoka katika neno la Kingereza la kukosa heshima: ni kumtukana mpinzani ndani ya mchezo. Bifu ni ugomvi wenyewe, ule unaobaki wakati mchezo umeisha. Mpaka kati ya hivyo viwili ni mwembamba. Booba na Kaaris, marapa wa Ufaransa wanaojulikana sana huku, walirushiana maneno miaka, kisha tarehe 1 Agosti 2018 wakapigana kwa mikono pamoja na watu wao katika uwanja wa ndege wa Orly. Korti ikawapa kila mmoja miezi 18 ya kifungo cha nje na faini ya euro 50 000.

Kwetu sheria nayo iko. Matusi ya mbele ya watu yanaadhibiwa na kitabu cha sheria za makosa, na sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Mpinzani anaweza kukubali adisiwe viatu, sauti, hata namna anavyotembea. Kabila lake halikupanda jukwaani, halikukubali kitu. Kwa hiyo wanaotayarisha batoli wanafanya vizuri kupatana mbele: kabila, marehemu na mama wa mtu vinabaki nje.

Saifa ni kitu kingine, na wengi wanachanganya. Ni mduara wa marafiki wanaopokezana mistari bila mshindi, fasi nzuri ya mtu anayeanza.

Neno la mwisho ni taimu. Si mwamuzi anayelisema. Mwenye zamu mwenyewe analitamka akimaliza, kisha anamwachia mwenzake nafasi.