Kigego wa Usambara: hofu katika Habari za Wakilindi

Wapenzi wa fasihi ya kutisha hukimbilia Uingereza, kwenye The Castle of Otranto ya Horace Walpole, ya mwaka 1764: kasri kongwe, njia za chini kwa chini, bwana mwenye hatia. Mimi niliyefundisha fasihi miaka mingi, na sasa nimestaafu hapa Lushoto, naona tunacho kitabu chetu kinachostahili kusomwa kwa jicho hilo: Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, kilichoanza kuchapwa Magila mwaka 1895.

Wengi hukisoma kama historia ya ufalme wa Washambaa, wakaishia hapo. Lakini tazameni Mbegha anavyosawiriwa. Huko Ungulu alikozaliwa, meno yake ya juu yalitangulia kuota. Basi ni kigego, mtoto wa nuksi, na kila msiba wa ukoo humwangukia yeye. Anaitwa mchawi, ananyimwa urithi, anakimbia. Taswira nazo zinamwandama: pori, kundi la mbwa, damu ya nguruwe mwitu, moshi unaopanda mahali pasipo kijiji.

Neno kigego halikuwa pambo la hadithi. Katika jamii nyingi za pwani na za bara yake, watoto wa namna hiyo waliuawa kweli. Kwa hiyo hofu ya kitabu hiki inageuka mikononi mwa msomaji. Tunamfuata Mbegha porini, tunamzoea, na polepole wanaotutisha ni ndugu zake, watu wa kawaida kabisa, wenye hakika kwamba wanalinda ukoo.

Kisha simba. Njiani kuelekea Vugha, usiku, Mbegha anamuua, na kitisho kinakuwa cheo: Simba likawa jina la mfalme, na ngozi ile ikatandikwa mkewe alipojifungua Bughe. Mwandishi wa leo angetujazia ukungu wa milima hii kurasa tatu (nami ningeusahihisha kwa wino mwekundu). Abdallah hasemi mengi.

Uchache huo wa maneno unatisha zaidi Mbegha anapokufa. Wazee wachache wanamzika kwa siri, mrithi anaitwa kimyakimya, na watu wa Vugha wanalala na kuamka bila kujua kwamba hawana mfalme.