Chupa Zilizovishwa Gazeti

Makala haya yalizaliwa mezani. Mwishoni mwa muhula uliopita, sisi walimu sita wa lugha tulikutana nyumbani kwa mmoja wetu mjini Bujumbura, watano kati yetu wakiwa na chupa ya mvinyo mkononi. Sharti lilikuwa moja: bei ya chupa isizidi kile ambacho mwalimu aweza kukilipa bila ya kuandikiwa deni dukani. Wa sita wetu, ambaye daktari amemkataza kileo, alipewa kazi ya mtunza namba. Alizichukua chupa zote jikoni, akazivisha gazeti kutoka shingoni hadi kitakoni, akaandika namba juu ya kila moja, kisha akatumiminia kidogo kidogo, nasi tukaandika alama kwenye karatasi bila ya kusemezana.

Yafaa tuseme mapema kwamba tunajua wamo miongoni mwa wasomaji wetu ambao dini zao haziwaruhusu kileo. Hatuwaalikii kikombe. Tunawaalikia historia, ambayo ni halali kwa kila mtu, na historia hii ina mengi ya kumfaa mwalimu wa lugha.

Tuanze na majina. Kiswahili kina maneno mawili ya kinywaji kitokanacho na zabibu, na kila neno limebeba alama ya chombo kilicholileta. Mvinyo ni neno la Wareno, ambao Vasco da Gama aliwafikisha pwani yetu mwaka 1498; kwao ni vinho. Divai nalo wengi hulihusisha na Kifaransa, du vin, nalo lilikuwa na makazi yake hasa katika misheni za Kikatoliki, kwa kuwa padre hawezi kusoma misa bila ya kinywaji hicho. Hata leo, mtu akisema divai sisi husikia kengele ya kanisa, na akisema mvinyo husikia kengele ya mlango wa duka. Kwa upande wa tunda, neno zabibu tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao zabib ni zabibu kavu. Hivyo tunda ni la watu hawa na kinywaji ni cha watu wale, na sisi tukaviweka vyote katika ghala moja bila ya ugomvi.

Lakini kinywaji chenyewe kilitangulia majina haya kwa miaka mingi sana. Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alituachia kitabu kidogo kiitwacho Periplus cha Bahari ya Eritrea, ambamo aliorodhesha bidhaa zilizoletwa katika bandari za pwani ya Afrika ya Mashariki hadi Rhapta. Anataja mikuki, mashoka madogo, visu, nyundu za kutobolea na vyombo vya kioo. Kisha anaongeza jambo ambalo hutushangaza kila tulisomapo: mahali pengine mabaharia walileta pia mvinyo kidogo na ngano, si kwa kuuza, bali kwa kujipatia mapenzi ya wenyeji. Tazama, ndugu msomaji, jinsi kinywaji hiki kilivyoingia katika habari zetu zilizoandikwa. Hakikuingia kama bidhaa yenye bei, kiliingia kama zawadi ya kutafutia urafiki. Wala hatusemi kwamba nia ya mleta zawadi ilikuwa safi. Mwenye kutafuta pembe za ndovu haoni hasara kumwaga kikombe kimoja.

Basi bei iliingiaje, hata ikawa ndiyo hakimu wa ladha? Hapa yatubidi tuende Ufaransa, katika mji wa Bordeaux, mwaka 1855. Mwaka huo mfalme Napoléon III aliandaa Maonyesho Makuu mjini Paris, akataka mvinyo wa nchi yake uonyeshwe kwa mpangilio. Wafanyabiashara wa Bordeaux waliwaomba madalali wa mji huo waandike orodha ya mashamba bora. Mtu angetazamia kwamba madalali wangekaa wakaonja, wakabishana, wakaonja tena. Hawakufanya hivyo. Walifungua vitabu vyao vya hesabu, wakaangalia kila shamba liliuza kwa bei gani kwa miaka iliyopita, wakayapanga mashamba ya mvinyo mwekundu katika madaraja matano kwa kufuata bei hiyo. Lililouza ghali likawa la kwanza.

Hatuwalaumu madalali, kazi yao ilikuwa bei, nao walijibu kwa lugha waliyoijua. Ajabu ni kwamba orodha iliyotengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka mmoja ingali inatumika mpaka leo, na bei iliyokuwa sababu ya daraja imekuwa tokeo la daraja. Daraja la kwanza lilipewa mashamba manne: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Shamba la Mouton liliwekwa la pili, na mwenyewe, Baron Philippe de Rothschild, alipigania heshima yake kwa miongo mingi hata likapandishwa mwaka 1973. Hilo ndilo badiliko kubwa pekee lililowahi kufanywa katika daraja hilo la juu. Je, udongo wa Mouton ulibadilika mwaka ule? Kilichobadilika ni karatasi.

Miaka mitatu baadaye karatasi ilifunikwa. Mwingereza mmoja aliyekuwa na duka la mvinyo mjini Paris, jina lake Steven Spurrier, pamoja na mwenzake Mmarekani Patricia Gallagher, waliona kwamba mwaka 1976 Marekani itatimiza miaka 200 ya uhuru, wakafikiri ingefaa kuwaonjesha Wafaransa mvinyo wa California. Tarehe 24 Mei mwaka huo waliwaketisha waamuzi tisa wa Kifaransa, watu wenye majina makubwa katika fani hiyo. Kwanza walipewa mvinyo mweupe wa zabibu za Chardonnay, sita kutoka California na nne kutoka Bourgogne. Kisha mwekundu, sita za California na nne za Bordeaux, miongoni mwao Mouton na Haut-Brion. Chupa hazikuonekana majina. Kila mwamuzi alitoa alama kati ya 20.

Waandishi wa magazeti waliokuwa wamealikwa hawakufika, maana waliona matokeo yanajulikana. Alifika mmoja tu, George Taber wa gazeti la Time, naye kwa kuwa alikuwa na orodha ya namba mkononi aliweza kujua kila mwamuzi anakunywa nini. Akamsikia mmoja akionja mvinyo mweupe na kufurahi kwamba sasa amerudi Ufaransa, hali kikombe kilikuwa cha bonde la Napa, California. Alama zilipojumlishwa, mweupe wa kwanza ulikuwa Chateau Montelena wa mwaka 1973, na mwekundu wa kwanza ulikuwa Stag's Leap wa mwaka huo huo, ukiipita Mouton kwa tofauti ndogo mno. Inasimuliwa kwamba mwamuzi mmoja, Odette Kahn, mhariri wa jarida mashuhuri la mvinyo, aliomba arudishiwe karatasi yake ya alama. Hakurudishiwa.

Sisi walimu tunao wajibu wa kuwakumbuka watengenezaji wenyewe. Montelena ilitengenezwa na Mike Grgich, mzaliwa wa kijiji cha Kroatia, aliyefika California mwaka 1958 na kuishi hadi mwaka 2023, alipofariki akiwa na umri wa miaka 100. Stag's Leap ilikuwa ya Warren Winiarski, ambaye kabla ya kushika jembe la mizabibu alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mizabibu yake ilikuwa imepandwa mwaka 1970 tu. Ilikuwa michanga kama mtoto wa shule ya chekechea ilipoingia mashindanoni na wazee wa Bordeaux.

Wafaransa walipinga, na pingamizi lao moja lilikuwa na uzito: mvinyo wa Bordeaux huwekwa miaka mingi, na huo ulionjwa ukingali mchanga. Basi mwaka 2006, miaka 30 kamili baadaye, mwekundu ule ule ulionjwa tena. Ukashinda wa California tena, safari hii Ridge Monte Bello wa mwaka 1971. Twaongeza kwamba waamuzi wa 1976 hawakukubaliana wao kwa wao, na kwamba majumlisho ya alama za watu tisa yaweza kupinduliwa na mtu mmoja aliyeamka vibaya. Sisi hatuoni kwamba California ilithibitishwa kuwa bora. Kilichothibitishwa ni kwamba mabingwa, wakinyimwa karatasi, hawakuweza kuzitenganisha nchi hizo mbili.

Wataalamu waliofuata walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha habari za jaribio lao la kuwapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo kinywaji cheupe kilichotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wanafunzi waliueleza kwa maneno ambayo kwa kawaida hutumiwa kwa mvinyo mwekundu. Jaribio hili latuhusu sana sisi watu wa lugha: neno halikutoka ulimini wala puani, lilitoka machoni. Tena mwaka 2008 Mmarekani Robert Hodgson alichapisha uchunguzi wake juu ya mashindano ya mvinyo ya California, ambamo waamuzi walipewa kwa siri mvinyo ule ule mara tatu katika kikao kimoja. Ni kama mmoja tu katika kila kumi aliyeupa alama zinazokaribiana.

Turudi sasa Bujumbura. Mtunza namba wetu ni mwalimu wa hesabu aliyehamia lugha, na werevu wa hesabu haujamtoka. Chupa zilikuwa tano: moja ya Afrika Kusini, moja ya Hispania, moja ya Ufaransa, moja ya Dodoma ambayo mwenzetu aliibeba alipotoka kuwaona jamaa zake Tanzania, na moja ya mvinyo wa ndizi wa hapa hapa Burundi. Lakini alitumiminia mara sita. Hatukujua kwamba namba 2 na namba 5 zilikuwa chupa moja, ile ya Afrika Kusini. Wawili wetu waliiweka namba 2 ya kwanza kabisa, na wao hao wakaiandika namba 5 karibu na mkia. Mmoja aliandika kwamba namba 5 "haina adabu".

Ule wa ndizi tuliutambua kwa harufu kabla haujafika mdomoni, kwani nani aliyelelewa katika milima hii asiijue harufu ya urwarwa? Ukatolewa mashindanoni kwa kukosa siri, na chupa yake ndiyo iliyokwisha kwanza.

Wa Dodoma ulipata alama za pili. Kwa wasioijua habari yake: mizabibu ilipelekwa sehemu hizo kavu za Tanzania na wamisionari wa Kikatoliki, na Bihawana ni jina lenye heshima katika masimulizi hayo, na kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza mti, huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Bordeaux hawezi hata kuliota. Wa Kifaransa, uliokaribia kikomo cha bei yetu kuliko zote, ulipata alama za chini. Aliyeuleta ni mwenzetu afundishaye Kifaransa, naye kabla ya chupa kuvishwa gazeti alikuwa ametupa mhadhara mzuri juu ya mji ulikotoka. Alipoona kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeupa alama ndogo kuliko sote, alinyamaza kitambo, kisha akanyoosha mkono akaomba karatasi yake. Wakati huo hatukumkumbusha habari ya Odette Kahn. Tulimrudishia.

Hatukumcheka kwa sababu hukumu ya karatasi sote tunaijua. Sisi tusemao Kiswahili cha Bujumbura, Bukavu au Kampala, ni mara ngapi tumehukumiwa kwa jina la mji kabla hatujafikia kituo cha sentensi ya kwanza? Na ni mara ngapi sisi wenyewe tumewafanyia hivyo wanafunzi wetu watokao mashambani?

Jambo la mwisho lilitukia katika kuandika. Karatasi zetu zilijaa Kifaransa, kana kwamba ulimi wa Kiswahili hauna maneno ya kinywaji. Tulipotaka kutaja lile jambo la mvinyo mwekundu la kukausha ulimi na kukamata ufizi, tuliandika neno la kigeni sote, mpaka mwenyeji wetu, aliyezaliwa Buyenzi, akasema taratibu, "Huo si ukakasi?" Naam, ni ukakasi, ule ule wa ndizi mbichi na wa bibo la korosho. Tukaanza kukumbuka mengine: uchachu, ugwadu, ukali, utamu wa kukinaisha. Tulizifuta karatasi tukaandika upya, na kwa namba 4, ambayo baadaye tulijua kuwa ni ya Hispania, tulibishana kama ni chachu au ni gwadu hata saa nne ya usiku.

Kikao kijacho ni mwishoni mwa muhula huu. Mwenzetu wa Kifaransa amesema atakuja. Mtunza namba amekwisha kuzinunua chupa zote yeye mwenyewe, na hataki kutuambia ni ngapi.