Uduvi wa Bibi katika Ua wa Mayfair

Ndugu wasomaji, mmezoea kusoma hapa habari za nasaba, majahazi na hati za nyumba. Leo nawaomba mniruhusu niandike juu ya chakula cha kuku, kwa kuwa ndicho kilichonionyesha ni urithi gani niliouacha nyuma pasipo kujua.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Unguja, akavuka kwenda Mombasa mwaka 1964, kama walivyovuka wengi wa jamaa zetu baada ya Mapinduzi. Huko Kisauni alifuga kuku uani. Kila asubuhi aliwatupia pumba za mahindi na machicha ya nazi yaliyosalia baada ya kukamua tui, kisha akawanyunyizia uduvi mkavu uliopondwa. Zikinyesha mvua, alijaza chungu mabua yaliyoloweshwa, akakifudikiza juu ya njia ya mchwa. Kesho yake alikipindua mbele ya kuku, wakagombania. Kombe za chaza alizitwanga kinuni, chenga zake akazimwaga kando ya banda. Sisi watoto tuliuonea uchungu ule uduvi. Kwetu ulikuwa kitoweo, naye akiwapa kuku!

Mimi nilihamia Johannesburg mwaka 1996, nikakaa Mayfair. Mwaka 2023 mafua ya ndege yalipoingia katika mashamba ya Gauteng, kuku kwa mamilioni waliangamia au wakauawa, na mayai yakaadimika madukani hata wateja wakapimiwa. Mwaka uliofuata nikanunua kuku sita wa mayai, nikawapa mahindi yaliyoparazwa. Huu ni mji uliozaliwa na dhahabu mwaka 1886, na wachimbaji wake walilishwa unga wa mahindi. Chakula hicho hukosi kukipata popote. Mwanzoni niliokota mayai matano kwa siku. Kufikia Novemba yalikuwa mawili, tena yenye maganda membamba, na kuku wameanza kudonoana manyoya. Mchana wa Novemba huku ni mrefu, basi sikuweza kusingizia giza la kipupwe, ambalo kweli hupunguza utagaji.

Nilimpigia mama simu. Hakuniuliza lolote ila hili: "Uduvi unawapa?" Nikacheka, nikamwambia Johannesburg haina bahari. Akasema, "Dagaa je, mwanangu? Kuku hatagi kwa mahindi matupu. Bibi yako angekucheka."

Usiku ule niliketi nikapiga hesabu. Kuku wa mayai hula kama gramu 110 kwa siku. Mahindi yana protini kama asilimia 8, yaani yatampa gramu 9 hivi. Yai moja pekee lina gramu 6 au 7, naye kuku ana mwili na manyoya ya kuyatunza. Ndiyo maana anayetaga huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 18, na kalisi ya asilimia 3.5 hadi 4 kwa ajili ya ganda. Zaidi ya hayo, protini ya mahindi ina upungufu wa laisini. Ya alizeti ina methionini nzuri lakini laisini yake ni chache. Ya samaki inazo zote mbili. Bibi hakuwa na majina hayo, lakini uduvi, mchwa na kombe zake vilijaza pengo lile lile. Tena kuku wake wa kienyeji walitaga kwa msimu, wakaatamia, wakapumzika. Hawa wangu wa kisasa hutaga karibu kila siku, na haja yao ni kubwa zaidi.

Dagaa niliwapata kwa wachuuzi wa Kizimbabwe, wanaowaita kapenta au matemba. Nilipouliza asili yao nilistaajabu: ni dagaa wa Ziwa Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walipelekwa kupandikizwa katika Ziwa Kariba, lililofanyizwa kwa boma la mto Zambezi, nao wakazaana huko. Hao nao ni wahamiaji kama sisi, wakabadilishwa na jina.

Mchanganyo wangu ni huu: kilo 6 za mahindi yaliyoparazwa, kilo 2 za mashudu ya alizeti, kilo 1 ya dagaa waliosagwa na kilo 1 ya chokaa ya mifugo. Jumla hukaribia asilimia 17 ya protini. Majani mabichi nawapa kila siku. Dagaa wa chumvi huwalowesha na kuwakausha kwanza, maana chumvi nyingi hudhuru kuku. Wala sizidishi kipimo, yai lisije likanuka shombo. Atakayetumia soya badala ya dagaa asiwape mbichi: lazima ikaangwe, kwani mbichi huzuia protini isisagike tumboni.

Baada ya majuma manne niliokota mayai matano, maganda magumu. Nikampelekea mama picha. Akajibu kwamba Bibi alikuwa akiongeza kitu kingine wakati wa kipupwe, lakini amekisahau, na hakuna tena wa kumuuliza.

Ndugu zangu mlioko Maskati, London, Toronto na kwingineko, hati za nyumba tumezihifadhi vizuri. Waulizeni wazee waliosalia kuku wao walikula nini, mkaniandikie. Huenda kile alichokisahau mama kimo katika kumbukumbu ya mmoja wao.